Emjindini: Mtaa wa Waswazi Chini ya Milima ya Makhonjwa



Ni desturi ya taarifa hii, baada ya hesabu za fedha na orodha ya wenzetu tuliowazika, kutenga kurasa chache kwa ajili ya historia. Mara nyingi tumeandika habari za koo zetu na za watu wa pande zetu. Safari hii twaomba ruhusa ya wazee tutoke nje ya mipaka, twende hata Afrika ya Kusini, tukatazame mtaa mmoja wa Waafrika ambao wenyeji wake wamepita njia inayofanana na yetu katika mambo mengi: kazi ya mshahara, vyumba vya kubanana, vyama vya kuzikana. Walakini yalikuja kuwafika makubwa. Mwaka 1982 Serikali iliyowatawala ilisema kwamba, kwa kuwa watu hao ni Waswazi, basi watapewa nchi ya Waswazi iliyo jirani, ardhi na watu pamoja. Jibu lililotolewa ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mtaa huo waitwa Emjindini. Uko kando ya mji wa Barberton, katika jimbo la Mpumalanga, kwenye bonde la mto Kaap. Nyuma ya mji imesimama milima ya Makhonjwa, ambayo wataalamu wa miamba wasema ni miongoni mwa miamba ya kale kuliko yote iliyosalia juu ya uso wa dunia, miaka bilioni 3.6 hata bilioni 3.25; na kwa sababu hiyo mwaka 2018 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyuma ya milima hiyo ni nchi ya Eswatini, ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la Swaziland hata ilipobadilishwa jina mwaka ule ule wa 2018.

Kwanza tuseme neno juu ya lugha, kwa kuwa mambo mengi yatakayofuata yameshikamana nayo. Wenyewe huiita siSwati. Jina la Swazi ni la kupokea tu, limetokana na matamshi ya Wazulu, ambao penye sauti ya t kwa Mswati wao huweka z. Mswahili akisikiliza kwa makini hatapotea kabisa. Nyama kwao ni inyama, nyoka ni inyoka, kufa ni kufa vile vile, mtu ni umuntfu na watu ni bantfu. Baba ni babe, na neno hilo haliishii kwa mzazi. Kila mwanamume wa rika la baba yako ni babe, na kila mwanamke wa rika la mama yako ni make. Kijana amwamkiapo mzee humwamkia kwa wingi, Sanibonani, kana kwamba mzee yule yu pamoja na wengine wasioonekana. Sisi nasi tuna namna zetu za kumtaja mkubwa kwa wingi, hivyo jambo hilo halitawashangaza wazee.

Jina la Emjindini ni la kale kuliko mji wa Barberton. Mfalme Mswati wa Pili, aliyetawala tangu karibu mwaka 1840 hata mwaka 1865, na ambaye kwake taifa zima lilipata jina, alituma vikosi vyake upande wa kaskazini, akaweka vijiji vya kifalme vya kulinda mpaka. Majina yake matatu yamehifadhiwa: Mbhuleni, Mekemeke na Mjindini. Kwa hiyo Waswazi wa bonde hilo hawakuja pale kutafuta kibarua. Walikuwapo kwa amri ya mfalme wao kabla kipande kimoja cha dhahabu hakijaonekana.

Yakini ni lazima tuseme pia kwamba Mswati huyo huyo aliingia katika mapatano na Makaburu. Mwaka 1846, kisha tena mwaka 1855, alitia alama yake kwenye karatasi zilizotoa sehemu kubwa za nchi, naye akapewa ng'ombe. Alikuwa na adui wa ndani, ndugu zake walioutamani ufalme, na adui wa nje, Wazulu. Huenda alitaka Makaburu wakae katikati kama ukuta. Tena mfalme wa Kiafrika wa siku zile hakuwaza ya kuwa ardhi yauzwa moja kwa moja kama mbuzi. Lakini karatasi ilibaki. Mwaka 1881, katika Mapatano ya Pretoria baina ya Waingereza na Makaburu, mpaka wa nchi ya Waswazi ukachorwa, na Waswazi wengi wakajikuta nje ya nchi yao bila kuhama hatua moja. Mjindini ikawa upande wa Transvaal. Ndugu aliyelala upande wa kusini wa mlima aliamka akiwa mtu wa mfalme, na ndugu wa kaskazini aliamka akiwa mtu wa Makaburu.

Miaka mitatu baadaye ikaja dhahabu. Mwaka 1884 Bwana Graham Barber na jamaa zake waliona mwamba wenye dhahabu chini ya milima, na mji ukapewa jina lao. Mwaka 1885 Bwana Edwin Bray akagundua mwamba wa Sheba, tajiri ajabu. Watu wakamiminika kutoka pande zote. Soko la hisa likafunguliwa, vilabu na hoteli zikajengwa, na kwa muda mfupi Barberton ukawa mji wa kutajwa katika Transvaal yote. Lakini mwaka 1886 dhahabu ya Witwatersrand ikapatikana, pale ulipo mji wa Johannesburg, na wale waliokuja mbio wakaondoka mbio. Hatuna haja ya kukawia hapo. Vitabu vingi vimesimulia habari za wachimbaji wale wa Kizungu na sherehe zao. Jambo linalotuhusu sisi ni kwamba migodi ya Barberton haikufungwa yote, mingine imeendelea kuchimbwa hata karne hii, na tangu siku za kwanza mikono iliyopiga mwamba ilikuwa ya Waafrika: Waswazi wa bondeni, Waswazi wa ng'ambo ya mlima, na watu wa Msumbiji na Nyasaland walioletwa kwa mikataba.

Kwa nini watu wa ng'ambo walikuja? Sababu mojawapo ni ardhi. Mwaka 1907 Serikali ya Kiingereza iliigawa nchi ya Waswazi, na Waafrika wakabakiwa na karibu theluthi moja tu. Iliyosalia ikawa ya Wazungu wenye hati. Malkia Labotsibeni, bibi yake Mfalme Sobhuza wa Pili, ambaye alishika utawala mtoto alipokuwa mdogo, hakukaa kitako kulia. Aliwaagiza vijana waende migodini wapate fedha, sehemu ya mishahara iwekwe katika mfuko wa taifa, na mfuko huo ununue ardhi tena kutoka kwa Wazungu. Tufikiri neno hilo. Watu walishuka chini ya ardhi ya wengine ili wapate bei ya kununulia ardhi yao wenyewe. Wenzetu wanaoshika daftari za chama na wakumbuke, kila wanapohesabu ada za mwezi, kwamba mchango si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye mtaa wenyewe. Katika Kenya neno lokesheni lilikuwa na maana ya eneo la chifu mashambani. Huko kusini neno hilo hilo lilikuwa na maana ya mtaa uliotengwa kwa Waafrika pembezoni mwa mji wa Wazungu, na hata leo watu wa kule husema elokishini. Sheria ya mwaka 1913 ilikuwa imewabakishia Waafrika wa nchi nzima ya Afrika ya Kusini karibu asilimia 7 tu ya ardhi, na ile ya mwaka 1936 ikaongeza hata karibu asilimia 13. Sheria ya mwaka 1923 ikaamuru kwamba mjini Mwafrika atakaa katika lokesheni, naye atakuwapo mradi kazi yake yahitajiwa. Mwanamume alibeba pasi. Tangu miaka ya 1950 wanawake nao walilazimishwa kubeba, ingawa mnamo tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walikwenda hata Pretoria kukataa. Pasi hizo hazikuondolewa mpaka mwaka 1986. Wazee wetu waliovaa kipande shingoni hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa Nairobi watalitambua mara moja, nalo ni pombe. Huko Durban, tangu mwaka 1909, halmashauri ya mji ilijipatia haki ya peke yake ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika, na faida yake ikatumika kulipia gharama za lokesheni. Maana yake Mwafrika alijengewa choo kwa pombe aliyokunywa. Sheria ya 1923 ikafungulia miji mingine njia hiyo, na Nairobi nayo, katika miaka ya 1920, iliuiga utaratibu huo kwa kilabu chake cha Pumwani. Lakini katika mila ya Waswazi pombe ya nafaka, umcombotsi, ni kitu cha nyumbani. Hupikwa na mama wa nyumba, hutolewa kwenye harusi, kwenye kazi ya ujima, na kwa waliotangulia. Basi wanawake wa lokesheni waliendelea kupika kwa siri, polisi wakija usiku mtungi umefukiwa uani, na ada za shule za watoto wengi zilitoka katika mtungi ule. Twasema haya bila kusifu ulevi.

Katika mtaa kama Emjindini, mtu aliyefika aliulizwa kwanza sibongo chake, yaani jina la ukoo: ni Nkosi, au Maseko, au Mnisi, au Shongwe, au Dlamini? Jibu likishatolewa, ilijulikana nani ni ndugu, nani ni shemeji, na nani hawezi kuoana na nani. Kila ukoo una maneno yake ya sifa, sinanatelo, ambayo mtu husalimiwa kwayo siku ya furaha. Hata aliyezaliwa mjini, asiyepata kuuona mto wa kwao, huyapokea maneno hayo kutoka kwa bibi yake. Mitaa ya migodini ilikuwa na watu wa makabila mengi, na mgeni wa kutoka Msumbiji au Nyasaland aliyeoa pale aliona watoto wake wakikua kwa Kiswazi. Kiswazi kikawa lugha ya nyumbani kwa walio wengi.

Harusi hufuata desturi. Mahari, lilobolo, huhesabiwa kwa ng'ombe hata zikilipwa fedha taslimu, na bibi harusi hupakwa udongo mwekundu, libovu, kuwa alama kwamba sasa ni mke. Akishapakwa, wazee husema neno limekwisha, hata kama cheti cha serikali hakijaandikwa. Siku za sherehe wanaume na wanawake huvaa shuka la emahiya, lililofungwa begani.

Lakini jambo lililoushika mtaa usiporomoke, kwa maoni yetu, ni chama cha kuzikana. Wao hukiita masingcwabisane, neno ambalo maana yake ni tuzikane sisi kwa sisi. Na hatujapata kusikia jina la chama lililo wazi kuliko hilo. Vyama hivyo vilienea katika miji na migodi ya Afrika ya Kusini tangu mapema katika karne ya 20, kwa sababu ile ile iliyotuleta sisi pamoja: mtu alikufa kazini mbali na kwao, tajiri wake hakuwa na habari ya desturi, na halmashauri ilikuwa tayari kumzika katika kaburi la maskini. Wanachama hutoa ada kila mwezi. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kitabu. Msiba ukitokea, chama hutoa jeneza, turubai, sufuria kubwa, unga na nyama, na gari la kusafirishia maiti. Wanawake hufika kupika wakiwa wamevaa sare. Usiku wa kuamkia mazishi hufanywa mkesha, umlindzelo, wa nyimbo na mahubiri, na maziko huwa mapema asubuhi. Asiyelipa ada miezi kadhaa huonywa, kisha hukatwa. Na ubishi juu ya nani akatwe na nani asamehewe ni mkali huko kama ulivyo katika mikutano yetu, jambo ambalo limetufariji kidogo. Kando ya chama cha kuzikana huwapo michezo ya upatu ya akina mama, makanisa, hasa ya Wazayoni wenye kanzu nyeupe na mikanda ya rangi, na timu za mpira.

Mwaka 1939 kitu kigeni kilianza kupita juu ya milima. Ng'ambo, mahali pa Havelock, panapoitwa Bulembu, ulifunguliwa mgodi mkubwa wa asbesto. Kwa kuwa milima ilizuia reli, wahandisi walitundika njia ya waya yenye urefu wa zaidi ya kilomita 20 kutoka mgodini hata stesheni ya Barberton. Ndoo za chuma zilileta asbesto, nazo zikirudi zikibeba makaa na vifaa. Kwa miaka 62, hata mgodi ulipofungwa mwaka 2001, ndoo zile zilivuka mpaka. Vumbi lake nalo lilivuka. Asbesto huingia mapafuni isitoke, na ugonjwa wake huweza kukaa miaka 20 au 30 kabla haujajionyesha. Afrika ya Kusini iliipiga marufuku mwaka 2008. Vyama vya kuzikana vya pande zote mbili vimewazika wengi waliotoka katika kazi hiyo.

Katika mwezi wa Mei 1963 wafanya kazi wa Havelock waligoma, wakidai mshahara wa pauni moja kwa siku. Mwezi uliofuata mgomo ukaenea hata Mbabane, mji mkuu, katika mtaa wa Msunduza, na Serikali ya Kiingereza ikashikwa na hofu. Askari wa kuuzima wakatolewa wapi? Wakatolewa Kenya. Kikosi cha Gordon Highlanders, kilichokuwa na kambi katika nchi yetu, kilipakiwa katika ndege kikapelekwa Swaziland katika mwezi ule ule wa Juni 1963 ambao sisi tuliuanza kwa shangwe za Madaraka. Hatukumwona mzee hata mmoja aliyepata kusimuliwa jambo hilo, nasi tumeliandika hapa ili liwe katika kumbukumbu za chama.

Na tarehe 1 Julai mwaka huo huo, Afrika ya Kusini ikaweka vituo vya mpaka na kudai hati za safari kwa watu waingiao kutoka Swaziland, Basutoland na Bechuanaland. Kabla ya hapo mtu wa Emjindini mwenye shangazi Piggs Peak alipanda mlima akashuka. Sasa ilimpasa kuonyesha karatasi. Chama cha kuzikana nacho, kikitaka kumrudisha marehemu kwao ng'ambo, kilihitaji karatasi za mtu aliye hai na za mtu aliyekufa.

Hapo ndipo tuwafikie wakuu wa Pretoria na mpango wao. Serikali ya ubaguzi ilikusudia kwamba siku moja pasiwe na Mwafrika hata mmoja aliye raia wa Afrika ya Kusini. Kila mtu, kwa lugha yake, angewekwa katika nchi ndogo ya kabila lake. Waswazi walitengewa vipande vya ardhi vikaitwa KaNgwane, vikapewa baraza la kutunga sheria mwaka 1977. Emjindini haikuwa ndani ya vipande hivyo, kwani ilikuwa lokesheni ya mji wa Wazungu. Lakini kwa sheria ya mwaka 1970 Mswazi wa Emjindini alihesabiwa raia wa KaNgwane hata kama hajapata kulala huko usiku mmoja. Tangu mwaka 1978 Waziri Mkuu wa KaNgwane alikuwa Bwana Enos Mabuza, aliyekuwa mwalimu, kiongozi wa chama cha Inyandza. Yeye alikataa uhuru wa bandia ambao Transkei na wengine waliupokea.

Mwezi wa Juni 1982 Pretoria ikatangaza kwamba KaNgwane yote, pamoja na Ingwavuma ya Wazulu iliyo karibu na bahari, itakabidhiwa Swaziland. Baraza la KaNgwane likavunjwa kwa amri.

Hatupendi kumdharau Mfalme Sobhuza katika jambo hili. Alikuwa ametawazwa mwaka 1921. Alikwenda London kijana akidai ardhi, akashindwa katika baraza la juu la mfalme wa Uingereza mwaka 1926. Na maisha yake yote aliiona mipaka ile kuwa jeraha. Sasa mzee wa miaka 80 na zaidi aliambiwa kwamba watu wake watarudishwa, tena atapata na bandari. Nani asingeyatamani? Wako pia machifu wa KaNgwane, hasa wa nyumba za kifalme, waliotaka kwa moyo safi kurudi chini ya mfalme wao. Lakini Pretoria ilikuwa na hesabu nyingine. Waswazi wote wa Afrika ya Kusini, hata wale wa Soweto, wangekuwa wageni katika nchi waliyoijenga. Tena mwezi wa Februari mwaka huo Swaziland ilikuwa imetia sahihi kwa siri mapatano ya usalama na Pretoria, ya kuwafukuza wapigania uhuru, nayo hayakutangazwa mpaka mwaka 1984.

Bwana Mabuza na wenzake hawakusema kwamba wao si Waswazi. Hilo ndilo tulilolisoma mara mbili. Walisema: sisi ni Waswazi kwa lugha na kwa koo, na mfalme twamheshimu, lakini sisi ni raia wa Afrika ya Kusini, hatukuulizwa, na mtu hatolewi kama mali. Wakaenda mahakamani. Wazulu nao wakaenda mahakamani juu ya Ingwavuma, wakashinda mwezi wa Septemba. Mfalme Sobhuza alifariki tarehe 21 Agosti 1982, kabla ya neno hilo kuamuliwa. Kabla ya mwisho wa mwaka Serikali ikalirudisha baraza la KaNgwane, ikaunda tume ya kuchunguza, na mwaka 1984 tume ikavunjwa na mpango ukaachwa.

Katika baraza la wazee mmoja wetu aliuliza, je, si vibaya kukataa kurudi kwa ndugu? Tukajadiliana sana. Sisi twaona ya kwamba kama ndugu mwenyewe angekuja mlangoni akaomba, jibu huenda lingekuwa jingine. Lakini aliyekuja mlangoni alikuwa yule mwenye nyumba aliyetaka wapangaji watoke.

Mwaka 1986 Bwana Mabuza alikwenda Lusaka kuonana na viongozi wa African National Congress waliokuwa uhamishoni. Alijiuzulu mwaka 1991, akafariki mwaka 1997. KaNgwane yenyewe ilikoma tarehe 27 Aprili 1994, siku ya uchaguzi wa watu wote.

Lugha yao ilifuata njia ndefu. Kwa miaka mingi watoto wa Kiswazi, huku na ng'ambo, walifundishwa kwa Kizulu, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kizulu. Mtoto alisema t nyumbani na z shuleni. Baada ya uhuru wa Swaziland mwaka 1968 siSwati ikaingia shuleni huko, kisha upande wa KaNgwane. Biblia nzima ilitolewa kwa siSwati mwaka 1996, na mwaka huo huo Katiba ya Afrika ya Kusini ikaitaja lugha hiyo miongoni mwa lugha 11 za taifa. Redio yake hutangaza kutoka Mbombela kwa jina la Ligwalagwala, yule ndege mwenye mabawa mekundu ambaye manyoya yake ni pambo la ukoo wa kifalme. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilipata watu 1,297,046 katika Afrika ya Kusini ambao siSwati ndiyo lugha yao ya kwanza, nayo hesabu ya Eswatini ya mwaka 2017 ilipata watu 1,093,238 katika nchi nzima. Yaani Waswazi walioachwa nje na mpaka wa 1881 ni wengi kuliko waliobaki ndani.

Mwaka 2016 halmashauri ya Umjindi iliunganishwa na ile ya Mbombela, na wako wanaonung'unika kwamba jina la kijiji cha Mswati limefutwa katika daftari za serikali. Lakini mwaka huo utakumbukwa kwa jambo jingine. Asubuhi ya tarehe 5 Februari 2016, katika Mgodi wa Lily karibu na Barberton, ardhi iliporomoka. Wafanya kazi zaidi ya 70 waliokuwa chini waliokolewa. Wanawake wawili na mwanamume mmoja walikuwa juu, katika kontena la chuma ambamo taa za wachimbaji hugawiwa, nalo kontena likamezwa na shimo. Majaribio ya kuwafikia yaliachwa kwa hofu ya mwamba kuporomoka tena, na kampuni ikawekwa chini ya usimamizi wa kuiokoa isifilisike. Jamaa zao na wafanya kazi wenzao walipiga kambi langoni mwa mgodi tangu mwaka 2019, wakikaa mvua na jua. Mwezi wa Oktoba 2023 hakimu aliyechunguza vifo hivyo aliamua kwamba wenye mgodi walihusika kwa uzembe. Wakati huo, zaidi ya miaka saba tangu siku ile, kontena lilikuwa lingali chini.

Watu wa kambi ile hawakuomba jambo geni. Waliomba wapewe miili, ili ufanyike mkesha mmoja na maziko asubuhi.